Jinsi ya kuendesha mashindano ya gofu ya kanda kwa wachezaji wa ridhaa bila kumaliza gizani

Kila msimu makapteni wapya wa klabu za huku nje ya Kampala wananipigia kuuliza mambo yaleyale, basi nimeamua niyaandike yote sehemu moja, chukua yanayokufaa. Wengi wanaanza na sponsa na tisheti. Hapana jamani, anza na jua.

Hatua ya 1: Hesabu mwanga kabla ya kufungua usajili

Uganda tupo ikweta, mwanga wetu ni masaa 12 hivi mwaka mzima, hatuna zile jioni ndefu za Uskochi. Chukua mfano wa Jinja, uwanja ni wa mashimo 9 kwa hiyo raundi ya 18 unauzunguka mara mbili. Kundi la kwanza likitoka saa moja kamili asubuhi litarudi tii namba moja (pa kupigia mpira wa kwanza wa shimo) kama saa tatu na dakika 20, na likirudi likute njia iko wazi, sasa kabla ya hapo unaachia kundi kila baada ya dakika 10, watu watatu watatu, unapata makundi 14, yaani watu 42 basi. Hao wakishaanza mzunguko wa pili wote, wimbi lingine linaanza saa sita mchana na kundi la mwisho litoke saa saba na nusu, hayo ni makundi 10. Jumla wachezaji 72, na hiyo ni siku isiyo na mvua hata tone. Mimi nafunga usajili kwenye 60 na sisikilizi "mzee niongezee wawili tu". Kama una mashimo 18 unaweza kuanzia tii ya 1 na ya 10 kwa pamoja, hapo unapumua kidogo.

Tarehe nayo iangalie, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba ni mvua.

Hatua ya 2: Andika masharti, hasa ya zawadi

Raundi ngapi, handikapu (mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake) ya mwisho kuingia ni ipi, wakifungana inakuwaje. Bingwa atafutwe kwa pleyofu uwanjani, yaani waliofungana wanacheza tena, nafasi nyingine tumia kauntibaki, yaani kulinganisha skoo za mashimo ya mwisho, ila iandikwe KABLA watu hawajacheza maana baadaye kila mtu anakuwa wakili.

Zawadi ndipo sponsa anapokuharibia. Kwa kanuni zilizoanza Januari 2022, mchezaji wa ridhaa anaweza kupokea zawadi isiyozidi dola 1,000 za Marekani, na pesa taslimu inaruhusiwa kwenye shindano la grosi tu (skoo kamili bila kutoa handikapu). Upande wa neti (skoo baada ya kutoa handikapu) hakuna bahasha, mpe friji au vocha. Sponsa akileta bahasha ya mshindi wa neti mwambie mapema, siyo usiku wa dina akiwa ameshashika maiki.

Hatua ya 3: Droo na saa

Hii ndogo lakini inauma. Wakenya na Watanzania saa yao ni moja na yetu, Rwanda na Burundi wako nyuma saa moja. Kwenye droo (orodha ya nani anaanza saa ngapi) andika "saa za Uganda" kwa herufi kubwa, maana mtu akichelewa ndani ya dakika 5 anaongezewa mikwaju miwili, zikizidi hapo ameshatolewa, na amesafiri usiku kucha kwa basi.

Hatua ya 4: Uwanja

Vishimo vya grini (eneo la nyasi fupi kwenye mwisho wa shimo) viwe angalau hatua 4 kutoka ukingoni, changanya rahisi na vigumu. Kwenye mashimo 9 sogeza tii kwa mzunguko wa pili ili shimo lisijirudie vilevile. Kanuni za uwanja ziandike kwenye karatasi moja, usiziache vichwani mwa makedi (wabeba mifuko). Jinja wana ile yao maarufu ya mpira kuingia kwenye nyayo za kiboko, unauokota unadropu (unauachia uanguke karibu) bila adhabu, wageni wanacheka wakiisoma mpaka wauone mto ulivyo karibu.

Hatua ya 5: Radi

Hapa sibembelezi mtu. Honi moja ndefu maana yake simama papo hapo, hata kama umebakiza puti ya futi moja, anayeendelea anatolewa. Tatu fupi ni kusimama kwa kawaida, mbili fupi ni kurudi kucheza. Ijaribu honi siku moja kabla, na uhakikishe inasikika mpaka shimo la mbali kabisa. Uwe na pikapu au boda ya kuwaleta watu.

Hatua ya 6: Meza ya kadi

Weka watu wawili makini, kivulini, mbali na baa. Mchezaji akikaa, msomee shimo kwa shimo, siyo jumla, kwa sababu kujumlisha ni kazi ya kamati na tangu 2023 hata handikapu ni kamati inayoipigia hesabu. Yeye anawajibika kwa skoo ya kila shimo. Akiandika 4 wakati alipiga 5 ametolewa, akiandika 6 wakati alipiga 5 inabaki 6, imekula kwake. Saini mbili, yake na ya maka (mwenzake aliyemwandikia skoo). Usimharakishe, muulize "una uhakika?" mara moja, akishasaini na kutoka eneo la kadi imekwisha, hata kama ni mjomba wa mwenyekiti.

Jioni hiyohiyo ingiza skoo zote kwenye mfumo wa handikapu, na za waliocheza vibaya pia, wale ndio huwa wanaomba zisahaulike.