Somo: Kutatua tatizo kwa fikra za kibunifu mkiwa timu, hatua kwa hatua

Timu nyingi zikiitwa kutatua tatizo, chai haijapoa tayari mtu ameshasema "tutengeneze programu ya simu." Wenzake wanaitikia, kazi zinagawanywa, miezi inapita, na mwisho kuna kitu kimetengenezwa ambacho hakuna anayekitumia. Fikra za kibunifu (kwa Kiingereza, design thinking) ni njia ya kuwazuia watu wasikimbilie huko. Kama zinavyofundishwa Chuo Kikuu cha Stanford, kwenye taasisi ya Hasso Plattner aliyoshiriki kuianzisha David Kelley wa kampuni ya ubunifu ya IDEO, zina hatua tano: kumwelewa mtumiaji, kulitaja tatizo, kuzalisha mawazo, kutengeneza kielelezo (mfano wa awali wa kujaribia) na kukijaribu. Michoro yake imejaa mitandaoni. Mimi nitakaa zaidi kwenye mbili za mwanzo na ile ya mwisho, kwa sababu ndizo watu wanazoziruka.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho: kliniki ya watoto kwenye zahanati. Kinamama wanalalamika kwamba chanjo inawamalizia siku nzima, na mganga mfawidhi ametakiwa apunguze foleni. Mfano ni wa kubuni, ila aliyewahi kukalia benchi la kliniki ataujua.

Kwanza timu yenyewe

Watu 5 hadi 7 wanatosha; wakizidi hapo unageuka mkutano wa hadhara. Wachanganyeni: nesi wa chanjo, mtu wa mapokezi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mjumbe wa kamati ya kituo, na mama mmoja au wawili wenye watoto wa kliniki. Mama asiitwe kutoa maoni dakika kumi kisha akaruhusiwa kwenda zake. Ni mwanatimu kamili, na kama kuna posho au nauli, apate sawa na wengine. (Hili hupitwa kimyakimya, halafu watu wanashangaa kwa nini hakuonekana kikao cha pili.)

Mwezeshaji asiwe bosi. Mfawidhi akishika kalamu mbele ya bango kitita, kila wazo litapinda kuelekea kwake. Karatasi za kunata zikikosekana, kateni A4 vipande vinne na mtafute gundi ya karatasi.

Hatua ya 1: Nendeni waliko wenye tatizo

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Dodoso peke yake halitoshi: linauliza "je, umeridhika na huduma?" na mama, ambaye bado anamsubiri nesi huyohuyo, atajibu ndiyo.

Fikeni siku ya kliniki kabla mlango haujafunguliwa. Mmoja wenu amfuate mama mmoja, kwa ridhaa yake, tangu anafika hadi anaondoka, akiandika saa na tukio bila kuweka maoni:

Saa 12:40, kaweka kadi mezani.
Saa 2:15, elimu ya afya imeanza.
Saa 3:05, mtoto kapimwa uzito.
Saa 4:30, kaitwa chumba cha chanjo.
Saa 4:34, katoka.

Saa nne kasoro kwa huduma ya dakika nne. Sasa angalieni yale madogo. Lile rundo la kadi, kwa mfano: kila anayefika anaweka yake juu. Nesi asipoligeuza rundo, aliyefika mwisho ndiye anayeitwa kwanza, na aliyeamka alfajiri anabaki kuangalia tu. Jambo kama hili halimo kwenye ripoti yoyote.

Mkihoji, ulizeni kuhusu mara ya mwisho, msiulize "kwa kawaida huwaje." Semeni: "Hebu nieleze ulivyokuja safari iliyopita, tangu ulipoamka." "Kwa nini" zikiwa nyingi, mtu anajiona yuko kizimbani, "ikawaje?" inamfanya aendelee. Nesi mliyenaye kwenye timu asijitetee wala kufafanua utaratibu. Maneno yaandikwe kama yalivyosemwa.

Hapo ndipo mama mmoja atasema: "Niliambiwa nirudi Alhamisi, sindano ya kwanza haikufunguliwa." Muulizeni nesi. Atawaonyesha kichupa cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambacho kwa kawaida kina dozi 20. Kikishachanganywa, kinachobaki baada ya saa 6 kinatupwa. Chanjo ya surua na rubella nayo mara nyingi huja kwenye kichupa cha dozi 10 chenye sharti hilohilo. Wakija vichanga watatu, nesi anaziona dozi 17 zikienda jalalani na anajua ataulizwa, kwa hiyo anawarudisha, anawakusanya wote siku moja. Sehemu kubwa ya foleni mliyotumwa kuipunguza imetokana na ukubwa wa kichupa. Mngekaa ukumbini wiki nzima msingelijua hili.

Hatua ya 2: Litajeni tatizo upya

Rudini, bandikeni mliyoyaona ukutani, yanayofanana yakae pamoja. Kisha jazeni sentensi hii: *Fulani anahitaji kitu fulani, kwa sababu tumegundua jambo fulani.*

Mlianza na "foleni ni ndefu." Sasa mna kitu kama: "Mama mwenye kichanga anahitaji kujua, kabla hajatoka nyumbani, kama chanjo ya mwanawe itafunguliwa leo, kwa sababu kichupa hufunguliwa watoto wakitimia na yeye hana pa kuuliza." Hilo la pili lina mtu ndani yake, na lina pa kuanzia.

Jihadharini na suluhisho lililojificha kwenye sentensi. "Mama anahitaji ujumbe mfupi wa simu" si hitaji. Hitaji ni kujua. Ujumbe ni njia mojawapo tu.

Mfano wa kweli: mwaka 2007 wanafunzi wa Stanford walipewa kazi ya kubuni mashine ya bei nafuu ya kuwatunza njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mmoja wao alipofika Nepal, alikuta hospitali ya mjini ina mashine hizo na nyingine hazina mtoto ndani. Njiti wengi walizaliwa vijijini, mbali na hospitali na mbali na umeme. Kazi ikabadilika: kutoka mashine ya bei nafuu ya hospitali hadi kitu ambacho mama wa kijijini anaweza kukitumia mwenyewe. Kilichozaliwa ni Embrace, mfuko mdogo wenye pakiti ya kitu kama nta inayotunza joto la mwili kwa saa kadhaa bila umeme. Wangeanza kuchora mashine siku ya kwanza, wangepata mashine nyingine ya kukaa tupu.

Hatua ya 3: Mawazo

Hii ndiyo watu wanaipenda, kwa hiyo nitapita haraka. Ile desturi ya kurusha mawazo kwa sauti ilienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara Marekani, na kanuni yake ya kutohukumu wazo mapema bado ni nzuri. Lakini jaribio lililofanyika Yale mwaka 1958 lilionyesha kwamba idadi ileile ya watu, kila mmoja akifikiri peke yake, huzalisha mawazo mengi kuliko wakikaa kikundi. Kwa hiyo andikeni kwanza kimya. Kunja A4 mara tatu upate visanduku 8, dakika 8, kila kisanduku wazo moja, michoro mibaya ruksa. Kisha bandikeni, kila mtu aweke nukta tatu kwenye anayoyapenda. Bosi apige kura wa mwisho.

Tuseme yamebaki matatu: ubao mlangoni unaotaja chanjo za leo, namba za kartoni badala ya rundo la kadi, na mhudumu wa jamii kuorodhesha vichanga vya vitongoji vyake, watoto wakitimia awapigie mama zao.

Hatua ya 4: Kielelezo

Kiwe cha hovyo kwa makusudi. Namba zikatwe kwenye boksi la dripu. Ubao uwe karatasi ya bango kitita mlangoni. Orodha iandikwe kwenye daftari la kawaida, na simu ipigwe kweli. Mkitumia wiki nzima kukitengeneza mtakuwa mmeshakipenda, na mtu hutetea anachokipenda.

Hatua ya 5: Jaribuni, kisha nyamazeni

Siku moja ya kliniki inatosha kwa kuanzia. Kabla ya siku hiyo mkubaliane mtahesabu nini: wangapi wamerudishwa bila chanjo, na muda tangu kufika hadi kuondoka. Bila hivyo mtaokota sifa. Watu wetu ni waungwana; ukiuliza "mnaonaje?" utaambiwa "nzuri sana, hongereni," na hapo hujajifunza chochote.

Msieleze namna ya kukitumia. Mama akisimama mbele ya ubao hajui aangalie wapi, andikeni hivyo. Huenda mkaona ubao unasomeka vizuri kabisa na bado haufai kitu, kwa sababu anayeusoma ameshalipa bodaboda. Habari ni sahihi, mahali ilipowekwa ndipo pabaya. Daftari la mhudumu linaweza kuwa na sura mbaya zaidi na likafanya kazi.

Na muwe tayari kuona watu wakikitumia msivyopanga. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha kurejesha mikopo kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana hela wao kwa wao, na wengine wakaweka pesa kabla ya safari wakazitoa walikofika ili wasibebe taslimu njiani. Timu haikuwakataza. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo mkuu. Mimi ni katibu wa SACCOS, wanachama hawarejeshi kwa wakati. Tatizo langu liko wazi, watu ni wakaidi. Bado nipite hatua ya 1?

Jibu: Mkuu, "wakaidi" ni hukumu, bado hujaniambia ulichokiona. Chukua watu wa aina tatu: wanaorejesha vizuri, wasiorejesha kabisa, na walioanza vizuri wakaanguka katikati. Hao wa tatu ndio wenye habari. Linganisha tarehe ya rejesho na siku ambayo pesa inaingia mkononi mwao. Mkulima anayeuza mavuno mara moja kwa mwaka ukimpangia marejesho ya kila mwezi, utamwita mkaidi miezi kumi na moja. Ukikuta kweli ni ukaidi, utakuwa na ushahidi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa mwisho chuo, msimamizi ameshaniambia nitengeneze mfumo wa kompyuta. Tatizo nitalitaja upya vipi wakati jibu limeshatolewa?

Jibu: Marahaba. Usibishane naye. Fanya hatua ya 1 kwa siku mbili, mpelekee maneno ya watumiaji yalivyo, umwombe ushauri mfumo ubebe lipi kati ya hayo. Mara nyingi mfumo utabaki, ila kazi yake itabadilika.

Swali: Nihoji watu wangapi?

Jibu: Endelea hadi majibu yaanze kujirudia. Kwa kujaribu kielelezo, wachache tu. Jakob Nielsen, aliyebobea kwenye upimaji wa tovuti, alikadiria kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua karibu asilimia 85 ya kasoro za matumizi. Hiyo ni kuona kasoro tu. Ukitaka kusema "asilimia fulani ya kinamama wote," hapo fanya utafiti wa kitakwimu.

Swali: Bosi wetu hukaa kikao chote na ndiye anayeongea. Tumfanyeje?

Jibu: Mpe kazi ya kumfuata mama mmoja tangu saa 12 asubuhi, na daftari mkononi. Mezani, karatasi zisiwe na majina.

Swali: Samahani kaka, mimi naona haya ni mambo ya semina. Siku mbili hotelini, karatasi za rangi, chakula cha mchana, picha ya pamoja, kwisha.

Jibu: Dada, hapo hatugombani. Ambaye hakutoka ukumbini hajafanya hatua ya 1, kwa hiyo hajafanya kitu. Na si kila tatizo linataka mbinu hii. Friji ya chanjo ikifa, mwite fundi, usiitishe warsha. Itumie pale ambapo huduma ipo lakini watu hawaitumii, au wanaitumia kwa shida na kila mtu ana sababu yake.

Swali: Timu yetu ya chama iko Mombasa, Nairobi na wengine Doha. Inawezekana kwa WhatsApp?

Jibu: Inawezekana, isipokuwa hatua ya 1: lazima kila mmoja aende kwa mtu alipo yeye, kisha atume maelezo kwa sauti siku hiyohiyo kabla hajasahau. Hatua ya 2 pigeni simu ya kikundi, kundi haliwezi kukubaliana sentensi kwa kuandika. Hatua ya 3, kila mtu apige picha karatasi yake amtumie mwezeshaji peke yake, siyo kwenye kundi. Yeye azitume zote kwa mpigo saa mliyokubaliana, bila majina, zikiwa na namba. Kura pia zipelekwe kwake.