Kabla ya Kuanza Fiziotherapia: Mambo ya Kuzingatia kwa Mkazi wa Mwanza na Visiwa Vyake

Mtu aliyevunjika mguu, aliyepatwa na kiharusi au anayesumbuliwa na mgongo anapoandikiwa fiziotherapia, mara nyingi huondoka kwa daktari akidhani anapelekwa kukandwa. Mitaani tunasema tu kwamba fulani "anaenda mazoezi", na msemo huo uko karibu zaidi na ukweli, kwa sababu kazi kubwa ya mtaalamu wa fiziotherapia ni kuchunguza namna mwili unavyojongea, kutambua ni misuli ipi imedhoofu, kiungo kipi kimekakamaa na ni hofu ipi inayomzuia mgonjwa kukanyaga, kisha kumpangia mazoezi yatakayoongezwa hatua kwa hatua. Mikono yake huitumia, na pengine joto, barafu au umeme mdogo, lakini hivyo ni visaidizi. Hafanyi upasuaji, na kama mfupa umeunga au bado ni uamuzi wa daktari wa mifupa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kufika na maelezo ya daktari huyo. Barua ya rufaa, picha za eksirei, cheti cha kuruhusiwa kutoka wodini na dawa zote unazotumia viwekwe kwenye mfuko mmoja. Kabla hujatoka wodini muulize daktari swali moja ambalo wengi hulisahau: mguu huu unaruhusiwa kubeba uzito kiasi gani, na kuanzia lini? Jibu liandikwe. Mtaalamu asiyelijua jibu hilo hawezi kukusimamisha kwa usalama, na siku yako inaweza kuishia kwenye kutafutana na daktari. Anayetoka Sengerema au Geita ameondokewa na foleni ya kivuko tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, lakini anayetoka Ukerewe bado anategemea meli ya Nansio, na safari iliyopotea kwake ni nauli, malazi na siku ya kazi. Mwenye bima aulize mapema kadi yake inalipia mahudhurio mangapi.

Jambo la pili ndilo ninaloliona zito kuliko yote, nalo ni kuitazama nyumba yako kabla ya kwenda. Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba nyingi za vilimani, Mabatini au Igogo kwa mfano, hufikiwa kwa vijia na ngazi za mawe zisizolingana kimo, na hakuna bajaji itakayokufikisha mlangoni. Nakumbuka mzee mmoja jirani yetu, aliyevunjika nyonga, ambaye kwa majuma kadhaa alijifunza kutembea kwenye sakafu bapa bila kumweleza mtaalamu wake kwamba kwake kunapandwa ngazi tangu barabarani. Siku ya kurudi nyumbani vijana walimbeba mgongoni, naye akakaa ndani muda mrefu akiogopa kushuka. Angesema mapema, angefundishwa kanuni ya ngazi, ambayo ni fupi: unapopanda hutangulia mguu mzima, unaposhuka hutangulia mguu mgonjwa pamoja na fimbo. Na fimbo yenyewe hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya kinyume.

Basi hesabu ngazi zako. Angalia choo: kama ni cha kuchuchumaa, sema, kwa sababu kuchuchumaa kunadai magoti na nyonga zikunjwe sana, na huenda ukahitaji kiti chenye tundu kwa muda. Angalia kitanda ni cha kimo gani na maji huchotwa wapi. Kisha ieleze kazi yako kwa vitendo badala ya jina lake tu. Mvuvi aseme kwamba husimama ndani ya mtumbwi unaoyumba na kuvuta nyavu zilizolowa. Mama anayeanika dagaa aseme huinama kwa saa ngapi na hunyanyua ndoo za uzito gani. Mtaalamu mzuri atayageuza maelezo hayo kuwa lengo la tiba, yaani badala ya "goti likunje vizuri" mtakubaliana kwamba uweze kuingia mtumbwini bila kushikwa mkono.

Kuhusu mavazi hakuna mengi. Mwenye tatizo la goti avae kaptura au suruali pana, mwenye tatizo la bega avae nguo inayofunguka mbele, na viatu viwe vya kufunga, si kandambili. Mwanamke anayependa kuhudumiwa na mwanamke mwenzake, au kuwa na ndugu ndani ya chumba, aseme mapema bila aibu. Abebe na khanga ya kujisitiri.

Yako mambo ya kuacha kabla ya kufika. Kiwiko kilichoumia kisikandwe wala kunyooshwa kwa nguvu, hata kama anayefanya hivyo ni mjuzi wa kuunga mifupa anayeheshimika kijijini, kwa kuwa kukikanda kunaweza kusababisha mfupa kuota ndani ya misuli na kiwiko kikakakamaa kabisa. Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asikandwe kwa maji ya moto, maana ataungua bila kuhisi. Aliyepatwa na kiharusi asivutwe kwa mkono uliolegea anapoinuliwa kitandani, kwani bega lisilo na misuli ya kulishikilia huteguka kwa urahisi, na maumivu yake huchelewesha mazoezi yote mengine.

Yapo pia maumivu yasiyopaswa kusubiri miadi ya mazoezi. Mgongo unaouma pamoja na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, au ganzi katika sehemu za siri na makalio, ni dharura. Mgongo unaouma kwa majuma mengi huku mtu akipungua uzito na kutoka jasho usiku unahitaji daktari kwanza, kwa sababu kifua kikuu hushambulia hata pingili za uti wa mgongo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu baada ya upasuaji au kulala muda mrefu, usiukande, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Na ikiongezeka pumzi kukatika au kifua kuuma, wahi hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya kwanza usishangae ukiulizwa na kupimwa zaidi ya kufanyishwa mazoezi. Mtaalamu atapima pembe ya kiungo kwa rula maalumu, na nguvu ya misuli kwa alama za 0 hadi 5, ambapo 0 ni misuli isiyotikisika kabisa na 3 ni ile inayoweza kuinua kiungo dhidi ya uzito wake chenyewe bila kuhimili zaidi. Omba namba hizo, uziandike kwenye daftari. Kama umeandikiwa dawa ya maumivu, uliza kama uimeze kabla ya kuja, na useme umeimeza saa ngapi.

Njoo na mtu mnayeishi naye, hasa kama mgonjwa ana kiharusi, kwa maana juma lina saa 168 na mtaalamu, hata mkionana mara mbili kwa nusu saa, anapata saa moja tu. Zilizobaki ziko mikononi mwa nyumbani. Huyo ndugu aoneshwe kila zoezi, alirudie mbele ya mtaalamu, na kwa ruhusa arekodi kwa simu. Aulize lifanywe mara ngapi kwa siku, na maumivu ya kiasi gani ni ya kawaida. Kwa wengi maumivu yanayotulia kabla ya kesho yake huvumilika, ilhali yanayozidi siku baada ya siku ni ya kuripotiwa. Na mtakaporudi, semeni wazi ni mazoezi yapi hayakufanyika na kwa nini, iwe ni kwa sababu ya maumivu, usingizi, au kwa sababu chumba ni kidogo na mkeka hauwezi kutandikwa watoto wakiwa wamelala.