Kuchora njia ya mwanga ndani ya kioo kwa leza ya femtosekunde

Mwanga wa leza wa nanomita 1030 hupenya kioo bila kukiathiri. Ukibana mapigo yake mafupi kwenye nukta ya mikromita 2 hivi, elektroni za pale humeza fotoni kadhaa kwa mkupuo, na kioo hubadilika hapo tu, uso ukibaki mzima. Sogeza kioo, na nukta hiyo inakuwa mstari unaoongoza mwanga kama faiba, ule uzi mwembamba wa kioo wa kupitishia mwanga.

Vipimo vifuatavyo ni vya kuanzia kwa kioo cha borosilikati kisicho na alkali, kama Eagle XG, chenye unene wa milimita 1.1: leza ya iterbi, mapigo ya femtosekunde 300 (femtosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa kwa milioni bilioni), megahezi 1, yaani mapigo milioni moja kwa sekunde, lenzi ya hadubini yenye NA (kipimo cha upana wa pembe ambayo lenzi hubania mwanga) ya 0.5. Usivihamishie kwenye silika safi, yaani kioo cha dioksidi ya silikoni pekee. Kwenye borosilikati, mikrosekunde 1 kati ya pigo na pigo haitoshi joto kutawanyika, hivyo kioo huyeyuka kidogo na mstari hutoka mviringo na laini. Silika hailimbikizi joto kwa urahisi hivyo; wengi huichora kwa nanomita 515.

Leza hii ni ya daraja la 4, lile la hatari zaidi, na mwanga wake hauonekani. Vaa miwani iliyotengenezwa kwa nanomita 1030, vua saa na pete.

Safisha kioo kwa asetoni, kisha isopropanoli. Chembe moja ya vumbi juu ya uso huungua na kuacha pengo kwenye mstari ulio chini yake.

Kazi inayoharibika mara nyingi zaidi ni ya kutafuta uso, kwa hiyo usiiharakishe. Punguza nguvu hadi leza isiweze kuchoma kitu, tazama kwa kamera mwanga unaorudi, na upandishe au ushushe lenzi mpaka nukta iwe ndogo kabisa. Rudia kwenye pembe tatu za kioo. Tofauti ikizidi mikromita 2, rekebisha mwinamo kwa skrubu za jukwaa linaloshikilia kioo. La sivyo mstari utaanza kwenye kina kimoja na kuishia kwenye kingine. Kumbuka pia kwamba kioo hupinda miale: lenzi ikishuka mikromita 100, fokasi (nukta miale inapokutana) hushuka zaidi ya 150. Watu wengi hupotea hapa. Lenga kina cha mikromita 150. Ukienda chini sana bila lenzi yenye pete ya kusahihisha unene wa kioo, fokasi hurefuka na mstari hutoka umbo la chozi.

Pima nguvu baada ya lenzi, si kabla yake, maana lenzi hula sehemu ya mwanga. Miliwati 200 kwa megahezi 1 ni nanojuli 200 kwa kila pigo.

Sasa chora mistari ya majaribio: nishati kuanzia nanojuli 120 hadi 300, ukiongeza 20 kila mara, na kila nishati kwa kasi za milimita 5, 10, 20 na 40 kwa sekunde. Hiyo ni mistari 40. Iache mikromita 50 kati yake. Yote ichorwe kuelekea upande mmoja, kwa sababu mstari wa kwenda na wa kurudi mara nyingi haufanani. Anza na umalizie nje ya kingo za kioo.

Karibu na ukingo, sehemu ya miale hukosa uso wa juu, hivyo mwisho wa mstari huwa mbovu. Saga mikromita 150 kila upande, kisha ng'arisha.

Ingiza mwanga wa nanomita 1550 kwa faiba ya modi moja (inayopitisha mwanga kwa umbo moja tu), ukiweka tone la mafuta ya hadubini kati ya faiba na kioo ili kupunguza mwanga unaoakisiwa. Tazama upande wa kutokea:

- Doa moja la duara: tumia nishati na kasi ya mstari huo.
- Madoa mawili au zaidi: mstari ni mnene mno, ongeza kasi au punguza nishati.
- Mwanga umetapakaa kote, ilhali mstari unaonekana kwa hadubini: badiliko ni dogo, punguza kasi.
- Mstari mweusi wenye nyufa: nishati imezidi.
- Hakuna mstari kabisa: rudi kutafuta uso kabla ya kuongeza nguvu.