Kukwamua injini iliyokamata ya Land Rover ya zamani

Chomoa betri, kisha toa stata kwanza. Bendeksi (gia ndogo ya stata) iliyong'ang'ania meno ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, huifanya injini nzima ionekane imekamata, na watu wengi hubomoa bure.

Bado haizunguki? Fungua plagi zote 4, mimina kila silinda vijiko 3 vya asetoni na oili ya giaboksi otomatiki, nusu kwa nusu. Asetoni hushika moto upesi: pasiwe na sigara wala cheche. Acha siku 3 hadi 7, ukiongeza kila jioni. Weka gia huru, ingiza hendeli ya kuwashia kwenye puli ya kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, sukuma mbele kidogo, rudisha nyuma kidogo. Ikisogea hata upana wa kucha, usikaze mkono. Mimina tena, ungoje. Nguvu huvunja ringi za pistoni. Usirudishe plagi kabla hujazungusha hadi majimaji yote yatoke, la sivyo koneksheni rodi (fimbo ya kuunga pistoni na kranki) hupinda.

Ikigoma kabisa, itoe injini kwenye gari. Mwaga maji na oili, toa rejeta, ekzosti, nyaya na mpira wa petroli. Kuinyanyua, chenibloku (winchi ya mnyororo) ya tani 1 yatosha. Giaboksi itegemeze kwa jeki kabla ya kulegeza nati zinazoiunga na injini, kwani injini ikining'inia kwenye shafti ya giaboksi, pleti ya klachi hupinda.