Kukaanga Yai la Asubuhi kwa Mafuta Yaliyopimwa

Yai la gramu 50 hivi lina takriban gramu 6 za protini na kilokalori 70, ilhali kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori 120. Kwa hiyo anayemimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kama ilivyo desturi kwenye vibanda vyetu vingi vya Dar es Salaam, humlisha mteja mafuta kuliko yai lenyewe.

Kwanza, pasua kila yai kwenye kibakuli peke yake, kwani trei iliyokaa dukani katika joto letu huweza kuwa na yai viza, na moja tu linatosha kukuharibia yote uliyokwisha kupasua.

Pili, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwa kila yai, kisha zungusha kikaango ili yaenee. Hapa kwenye moto ndipo wengi wanapokosea. Jiko la mkaa hupunguzwa kwa kufunga kidirisha chake cha chini na kunyunyizia makaa majivu kidogo. Dondosha tone la ute: likitulia na kuwa jeupe taratibu, moto unafaa; likitatarika na kupata ukingo wa kahawia papo hapo, ipua kikaango kwanza, maana ute uliobabuka huwa mgumu kama mpira.

Tatu, telezesha yai kikaangoni, nyunyiza chumvi, ufunike. Mvuke utaivisha upande wa juu kwa dakika mbili au tatu bila haja ya kuligeuza. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee wapewe kiini kilichoganda kabisa, kwa sababu bakteria wa salmonela huweza kuwamo hata ndani ya yai lenye ganda safi. Kwa hao mimi sikubali kupakua kiini laini, hata wakiniomba. Wala kiini kisitupwe, kwani ndicho chenye vitamini A na D.

Pakua pamoja na kachumbari iliyokamuliwa ndimu, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, ambayo chai ya rangi huyazuia.

Kwa chipsi mayai, chuja chipsi vizuri, mwaga mafuta yote yaliyobaki kikaangoni, ndipo umimine mayai yaliyopigwa; mafuta yaliyoshikana na chipsi yanatosha kuyaivisha.