Jinsi ya Kuitambua Prakriti Yako kwa Mujibu wa Ayurveda

Watu wengi hujibu maswali ya prakriti wakiwa na mafua, au baada ya wiki kadhaa za kukosa usingizi, kisha huondoka na jibu linaloeleza mafua yao wala si maumbile yao. Kosa hilo likwepwe tangu mwanzo, kwa sababu Ayurveda, elimu ya tiba ya India ambayo misingi yake imeandikwa kwa Kisanskriti katika vitabu vya Charaka na Sushruta, hutenganisha mambo mawili. Prakriti ni maumbile ambayo mtu huzaliwa nayo. Vikriti ni hali aliyo nayo leo baada ya maumbile hayo kuvurugwa na chakula, kazi, huzuni au hali ya hewa. Charaka anafundisha kwamba prakriti hujengeka mimba inapotungwa, kutokana na mbegu za wazazi, hali ya tumbo la uzazi, majira, na chakula na mwenendo wa mama. Kwa hiyo unapojichunguza, unatafuta jambo ambalo limekuwa nawe tangu utotoni.

Kipimo chenyewe ni dosha tatu, yaani nguvu tatu ambazo Ayurveda husema huuendesha mwili. Vata, inayotokana na anga na upepo, ni kavu, nyepesi, ya baridi na isiyotulia. Pitta, ambayo asili yake ni moto, ni ya joto na kali, na katika Kisanskriti neno hilo ndilo pia jina la nyongo. Kapha, ya maji na udongo, ni nzito, laini, ya baridi na tulivu. Msomaji wa pwani aliyekua akisikia habari za belghamu (kohozi), safura (nyongo ya manjano) na sauda (nyongo nyeusi) ataona yuko karibu na nyumbani, lakini asichanganye elimu hizi mbili: ile ni tiba ya Kiyunani iliyotufikia kupitia kwa Waarabu, na huhesabu vimiminika vinne, damu ikiwamo, ilhali Ayurveda huhesabu dosha tatu, na vata ndiyo inayozisukuma nyingine mbili.

Anza kwa kutenga daftari, na uandike kwa muda wa wiki mbili usizoumwa. Ukurasa wa kwanza uwe wa mwili wenyewe. Mifupa myembamba, viungo vinavyolia unapoinuka, ngozi kavu na mikono inayopoa upesi ni dalili za vata. Ngozi yenye joto, jasho jingi, vidoadoa, mvi za mapema au upara wa ujanani huhesabiwa kuwa vya pitta. Mifupa mipana, ngozi laini, nywele nene, na mwili unaonenepa upesi na kupungua kwa shida ni vya kapha. Usitegemee kioo peke yake. Muulize mama, shangazi au yeyote aliyekulea jinsi ulivyokuwa ukiwa na miaka mitano na ulipokuwa kijana, kwa maana uzito wa leo unaweza kuwa matokeo ya kazi ya kukaa kitini.

Ukurasa wa pili ni wa tumbo, na hapa ningekuomba ukae kwa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu waganga wa Ayurveda, wanaoitwa vaidya, huutazama moto wa kumeng'enya chakula, yaani agni, kabla ya mambo mengi mengine. Andika saa unayosikia njaa, kinachotokea ukichelewa kula, na hali ya choo chako. Mwenye vata ana agni isiyotabirika: leo anakula sana, kesho hatamani kitu, tumbo hujaa gesi na choo huwa kigumu. Mwenye pitta akikosa chakula cha mchana hukasirika au huumwa kichwa, na choo chake huwa chepesi. Mwenye kapha anaweza kuruka mlo bila kuteseka, lakini akila sana huhisi uzito kwa saa nyingi. Kama umekuwa ukila ovyo, dalili hizi zitakudanganya. Kula kwa saa zilezile siku kadhaa kwanza, kisha ndipo uandike.

Usingizi, usemi na kumbukumbu vinahitaji mistari michache tu. Vata hujifunza upesi na kusahau upesi, husema haraka na huamka kwa sauti ndogo. Pitta husema kwa ukali na kwa mpangilio, na haivumilii jua. Kapha huchelewa kuelewa lakini ikishaelewa haisahau, na hulala fofofo.

Ukishahesabu, usishangae kukuta dosha mbili zikikaribiana. Vitabu vinataja aina saba: tatu za dosha mojamoja, tatu za dosha mbilimbili, na moja adimu ambamo zote ziko sawa.

Kabla ya kubadili chakula, tazama vikriti. Mtu wa kapha aliyesafiri siku nyingi, akakauka midomo na kukosa usingizi, vata yake ndiyo iliyovurugika, na kumpa vyakula vikavu na vikali vya kupunguza kapha kutamwongezea tabu. Huyo kwanza apewe chakula cha moto chenye mafuta kidogo. Wali uliopikwa pamoja na choroko, ambao kwetu huitwa mseto, unafaa sana, nao ni ndugu wa kichri ya Wahindi. Kwa jumla, Charaka huipa vata mafuta, ambayo bora yake ni ya ufuta, pitta samli, na kapha asali ambayo haikupashwa moto, ingawa asali haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Dosha hazipimwi maabara, na daftari lako si cheti cha ugonjwa. Kupungua uzito bila sababu, kiu isiyokwisha au damu kwenye choo visielezwe kwa vata wala pitta, nenda hospitali. Dawa za sukari au za shinikizo la damu zisiachwe kwa ushauri wa mtu aliyekupima mapigo ya mkononi tu. Kuwa mwangalifu pia na vidonge: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu dawa za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika takriban moja kati ya kila tano. Ukimwendea vaidya, muulize kama dawa yake ina madini, mwonyeshe orodha ya dawa zote unazotumia, kisha orodha hiyohiyo, pamoja na aliyokupa yeye, umpelekee daktari wako.