Namna ya Kusoma Utafiti wa Benki Kuu: Mfano wa Ukomo wa Riba Nchini Kenya, 2016 hadi 2019

Kila Kamati ya Sera ya Fedha inapokutana, iwe Nairobi au Dar es Salaam, vyombo vya habari hutangaza riba iliyoamuliwa, lakini tafiti zinazoelekeza uamuzi huo hubaki kwenye tovuti za benki kuu zikisomwa na wataalamu wachache tu. Ni hasara kubwa, kwa kuwa ndani ya tafiti hizo mna majibu ya maswali ambayo mkopaji wa kawaida hujiuliza: kwa nini riba ya Benki Kuu ishuke na ya mkopo wangu ibaki palepale, na amana yangu iko salama kiasi gani. Mwongozo huu unamlenga msomaji asiye mchumi, awe mwandishi wa habari, mwanafunzi au mwanachama wa SACCO, na unatumia mfano mmoja, yaani sheria ya ukomo wa riba ya Kenya, iliyoweka kiwango cha juu ambacho benki ingeweza kumtoza mkopaji, kwa sababu katika mfano huo sera ya fedha na uthabiti wa mabenki viligongana waziwazi.

Anza kwa kutambua ni andiko la aina gani. Taarifa ya Kamati baada ya kikao ni sauti ya taasisi na kazi yake ni kueleza uamuzi uliokwisha kufanywa. Ripoti ya uthabiti wa sekta ya fedha, ambayo kwa kawaida hutolewa mara moja kwa mwaka, hupima kama mabenki yanaweza kuhimili misukosuko. Karatasi ya utafiti ni kitu kingine, na aghalabu katika kurasa za mwanzo utakuta ilani kwamba maoni yaliyomo ni ya waandishi wala si ya benki kuu. Usiiruke ilani hiyo, maana gazeti linaloandika kuwa “Benki Kuu yasema” kwa kunukuu karatasi ya namna hiyo limekosea tangu kichwa cha habari. Uliza pia mwandishi ana masilahi gani. Benki Kuu ya Kenya iliipinga sheria ya ukomo hadharani, na mwezi Machi 2018 ikatoa rasimu ya utafiti kuhusu athari zake. Chama cha Mabenki cha Kenya nacho kina kituo chake cha utafiti. Masilahi hayaufanyi utafiti kuwa wa uongo, bali yanakuonyesha ni matokeo gani yangemfurahisha aliyeuandika, na hapo ndipo unapopaswa kudai ushahidi mzito zaidi.

Hatua inayofuata, ambayo kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote, ni kuutafuta mkondo unaodaiwa: sera inatoka wapi, inapita wapi, inamfikia nani. Chukua kalamu uuchore. Sheria iliyoanza kutumika Septemba 2016 iliyazuia mabenki kutoza zaidi ya pointi 4 za asilimia juu ya riba ya Benki Kuu, ambayo wakati huo ilikuwa asilimia 10.5, hivyo ukomo ukawa asilimia 14.5. Siku chache baadaye Kamati iliishusha riba hiyo hadi asilimia 10, na ukomo nao ukashuka hadi 14. Katika hali ya kawaida, kushusha riba kunakusudiwa kuongeza mikopo. Chini ya ukomo, hatua hiyohiyo ilimwondoa kwenye foleni mkopaji ambaye benki ilimwona kuwa na hatari kubwa kuliko asilimia 14 inavyoweza kufidia, ilhali serikali ilikuwa ikiuza hati fungani zenye mapato yasiyo mbali sana na kiwango hicho na zisizo na hatari hiyo. Chombo cha kuchochea uchumi kingeweza basi kuubana. Utafiti unaoupima uhusiano wa riba na mikopo katika kipindi hicho bila kuueleza mkondo huu hauna msingi, hata kama majedwali yake yanapendeza.

Baada ya mkondo, tazama yaliyotangulia. Kosa linalorudiwa mara nyingi katika mjadala wa Kenya ni kulinganisha ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi kabla na baada ya Septemba 2016, kisha kuibebesha sheria tofauti yote. Ukuaji huo ulikuwa karibu asilimia 20 katikati ya mwaka 2015, na kabla sheria haijaanza kutumika ulikuwa umekwisha kushuka chini ya asilimia 10. Sababu hazikuwa siri. Katikati ya 2015 Kamati ilipandisha riba hadi asilimia 11.5, Oktoba mwaka huo mapato ya hati za muda mfupi za serikali yalivuka asilimia 20, Dubai Bank ilianguka Agosti 2015, Imperial Bank ikafuata Oktoba, na Chase Bank Aprili 2016. Baada ya hapo mabenki makubwa yaliogopa kuyakopesha madogo katika soko la mikopo baina ya mabenki, na ukwasi, yaani fedha zilizo tayari kutumika, ukawa wa kusuasua kwa walio wadogo. Ukuaji ulioshuka chini ya asilimia 3 mwaka 2017 ulibeba mambo hayo yote pamoja na ukomo. Kwa hiyo upe uzito utafiti unaolinganisha makundi mawili yaliyopitia misukosuko ileile lakini yakaguswa na sheria kwa viwango tofauti, kwa mfano mabenki yaliyokuwa yakitoza riba za juu sana na yale ambayo tayari yalikuwa karibu na ukomo.

Kisha uliza kilichopimwa ni nini hasa. Mfanyabiashara wa soko la Gikomba, Nairobi, aliyenyimwa mkopo wa benki kwa asilimia 14 angeweza kufungua simu na kukopa kupitia M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu ambayo ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Makato hayo yaliitwa ada, hayakuitwa riba, kwa hiyo hayakuhesabiwa chini ya ukomo, ingawa mkopo huo ukirudiwa kila mwezi kwa mwaka mzima gharama yake hufika asilimia 90. Jedwali linaloonyesha wastani wa riba ukishuka halimwoni mtu huyu. Halimwoni pia aliyekosa mkopo kabisa, kwa sababu wastani huhesabiwa kwa waliopata.

Kwenye uthabiti wa mabenki, namba itakayokukabili kwanza ni uwiano wa mikopo chechefu, yaani sehemu ya mikopo yote ambayo wakopaji wameshindwa kuilipa kwa wakati, na inahitaji kukaguliwa juu (mikopo chechefu) na chini (mikopo yote). Chukua benki ya kufikirika yenye mikopo ya shilingi bilioni 100, ambayo bilioni 8 kati yake ni chechefu. Uwiano ni asilimia 8. Benki ikiacha kukopesha, waaminifu wakaendelea kulipa na jumla ikashuka hadi bilioni 90, bilioni 8 zilezile zinakuwa asilimia 8.9 bila mkopaji hata mmoja mpya kushindwa kulipa. Tafuta basi kiasi chenyewe kwa shilingi, kisha angalia mtaji na tengo lililowekwa kufidia hasara. Zaidi ya hapo, usimamizi ukikazwa na mabenki yakalazimishwa kutangaza mikopo mibovu yaliyokuwa yakiificha, uwiano hupanda wakati hali halisi haijabadilika, na hiyo ni dalili njema.

Kuhusu sehemu ya takwimu zenye nyota, yaani alama zinazoonyesha kuwa matokeo hayaelekei kuwa ya bahati tu, soma ukubwa wa kadirio kabla ya nyota zake. Athari inaweza kuwa ya uhakika na bado ikawa ndogo mno kumgusa mtu yeyote.

Jambo la mfumo wa sera ni zito zaidi, hasa ukitaka kuhamisha matokeo kutoka nchi moja hadi nyingine. Benki Kuu ya Tanzania iliacha kuongoza sera kwa kiasi cha fedha na kuanza kutumia riba Januari 2024, ikianzia asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huo, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Utafiti wa Tanzania wenye data za kabla ya 2024 ulipima chombo kingine, na haufai kunukuliwa kama ushahidi wa nguvu ya riba ya sasa.

Mwisho, kagua data zinaishia mwezi gani. Sheria ya ukomo ilifutwa Novemba 2019, na wengi walitarajia kwamba kipindi kilichofuata kingethibitisha au kukanusha madai ya miaka mitatu. Hata hivyo, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya Machi 2020, na mabenki yenyewe yalipaswa kusubiri Benki Kuu iidhinishe taratibu zao za kupanga riba kulingana na hatari ya mkopaji, hivyo riba hazikuwa huru mara moja. Utafiti unaotumia mwaka 2020 wote kama kipindi cha “baada ya ukomo” lazima ueleze ulivyoitenganisha korona na ruhusa hizo zilizochelewa. Usipoeleza, matokeo yake kuhusu kufutwa kwa sheria yaweke kando, hata kama sura zake kuhusu 2016 hadi 2019 unaziamini.